Prosesi ya seva ikifa ndani ya kizimba, mafaili yake anayaondoa nani?

Jumatatu moja asubuhi nimefika kazini nakuta watu watatu wamesimama mezani kwangu, mfumo haufunguki. Wikiendi umeme ulikatika, UPS ikashika mpaka ikachoka, mashine ikazima, umeme uliporudi mashine ikawaka yenyewe vizuri tu, na kontena ya programu yetu (kijichumba kilichotengwa ambamo inaendeshwa) nayo ikajaribu kuwaka ila kila ikiwaka inakufa ndani ya sekunde mbili. Nafungua logi, ni mstari mmoja tu unajirudia: seva tayari inafanya kazi, angalia faili ya PID. Naangalia, hakuna seva inayofanya kazi popote. Kuna faili tu, ile ambamo seva inaandika PID, yaani namba ya prosesi yake (programu ikiwa inaendeshwa), na ndani yake imeandikwa 1.

Hiyo 1 ndiyo ilinifanya nikae chini nilisome hili jambo vizuri. Ndani ya kontena prosesi ya kwanza kabisa inapewa namba 1. Ile seva ya Ijumaa ilijiandika kwenye faili kwamba mimi ni namba 1, umeme ukakatika, ikafa bila kufuta kitu. Seva ya Jumatatu ikawaka, ikasoma faili, ikaiuliza kerneli, kiini cha mfumo endeshi, je kuna prosesi namba 1 iko hai? Kerneli ikajibu ndiyo ipo, na ni kweli ipo, maana namba 1 ni hiyohiyo seva inayouliza! Basi ikajiona yenyewe ikadhani imemkuta mwingine, ikajizima. Waliowahi kuendesha Rails (mfumo wa kutengeneza programu za wavuti) ndani ya Docker (programu ya kuendesha kontena) wanaijua hii sana, faili inakaa tmp/pids/server.pid, na wengi wana mstari wa kuifuta kabla seva haijawaka, wameunakili mahali bila kujua kwa nini upo.

Swali linalokuja kichwani kwa kila mtu ni moja, sasa kwa nini hiyo seva isifute faili yake wakati inaondoka? Jibu la haraka ni "ifute bwana, ni mstari mmoja". Jibu lenyewe ni refu, na likichanganyika na kizimba, yaani hii tunayoiita sandiboksi, ya kuifungia prosesi isiguse vitu vya nje, linageuka kuwa swali la usalama kabisa.

Tuanze na nini kinabaki na nini hakibaki. Prosesi ikifa, hata ife kifo kibaya namna gani, kerneli inarudisha vitu vingi yenyewe: kumbukumbu inarudi, mafaili yaliyokuwa wazi yanafungwa, makufuli ya flock (yanayowekwa kwenye faili ili mmoja tu alishike) yanaachiwa, milango ya TCP inafungwa. Hivyo vyote vinashikwa na prosesi, mshikaji akifa vinadondoka. Ila kitu chenye jina kwenye folda hakishikwi na prosesi, kinashikwa na folda, na folda haijui kama mwenyewe kafa. Faili ya PID inabaki. Mafaili ya muda yanabaki. Kumbukumbu ya pamoja iliyoko /dev/shm nayo inabaki. Na soketi ya Unix, mlango wenye jina kama faili ambao programu za mashine moja zinaongelea, hii inasumbua zaidi ya zote, jina lake linabaki pale pale, mteja akijaribu kuunganisha anakataliwa kwa sababu hakuna anayesikiliza upande wa pili, na seva mpya ikijaribu kufanya bind (kuweka soketi yake) kwenye jina hilohilo inaambiwa EADDRINUSE, anwani inatumika. Yaani huwezi kuingia na huwezi kujenga mlango mpya.

Watu wengi wanaanza na atexit, wanaandika kazi ndogo ya usafi, programu ikiisha inaitwa. Nzuri, inafanya kazi siku zote ambazo programu inaisha kwa hiari yake. Tatizo seva haziishi kwa hiari, seva zinauliwa. SIGTERM, ishara ya kuiomba prosesi iondoke, ikija na hukuweka kishughulikiaji (kazi ya kuipokea ishara), prosesi inakufa bila atexit kuitwa. Ukiweka kishughulikiaji lazima uwe makini unachofanya ndani yake, unlink (ya kufuta jina la faili) inaruhusiwa ila printf (ya kuandika) na malloc (ya kuomba kumbukumbu) haziruhusiwi, ukiziita unaweza kukwama hapohapo na kufuli la malloc mkononi. Alafu kuna SIGKILL, namba 9, hii haizuiliki wala haishughulikiwi, prosesi haipewi hata nafasi ya kupumua. Na msidhani namba 9 ni ya mtu mwenye hasira tu. Mashine ikiishiwa RAM kerneli inachagua mtu wa kufa na inamtumia hiyo. Ukisema docker stop, inatuma SIGTERM, inasubiri sekunde 10, kisha inatuma 9. Systemd, inayosimamia huduma kwenye Linux nyingi, kwa kawaida inasubiri sekunde 90. Na namba 1 ya kontena ina jambo lake la ajabu, ishara ambayo hukuiwekea kishughulikiaji haiigusi kabisa, kwa hiyo SIGTERM inapotea, zile sekunde 10 zinapita bure, halafu 9 inafika. Kontena nyingi ambazo watu wanadhani zinazima kistaarabu zinauliwa hivi kila siku.

Kuna na mtego mwingine wa atexit ambao ukikupata utatafuta mpaka uchoke. Ukifanya fork, yaani prosesi ikijinakili ikapata mtoto, mtoto anarithi orodha yote ya usafi ya mzazi wake. Mtoto akamaliza kazi yake ndogo akaita exit, anafanya usafi wa mzazi: anafuta soketi, anafuta faili ya PID, mzazi yuko hai anasikiliza kwenye soketi ambayo haina jina tena. Dawa yake mtoto aite _exit, inayoondoka bila kuita usafi, au kazi ya usafi iangalie kwanza kama getpid (namba ya prosesi inayoiita) bado ni ya yule aliyeiandikisha.

Sasa ingia ndani ya kizimba.

Wazo la kizimba ni la zamani, chroot, inayoifungia prosesi ndani ya folda moja, ilikuwepo tayari kwenye Unix toleo la 7 la mwaka 1979, ila ilivyotumika kwa usalama wa seva ilikuja kukomaa baadaye, na mfano mzuri ni OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, ambayo mwaka 2002 iligawanywa kwa kazi ya Niels Provos na wenzake: mzazi ana mamlaka ya root, mtumiaji mwenye uwezo wote, ila anafanya mambo machache, mtoto hana mamlaka, amefungiwa, na ndiye anayeongea na wageni wa mtandaoni. Mtoto akitekwa, mtekaji anajikuta kwenye chumba kitupu. Ndiyo maana nzima. Sasa muulize huyo mtoto wa chumba kitupu, unapoondoka tafadhali nenda /var/run ukafute faili. Hawezi, na asipoweza hilo si kosa, ndivyo kizimba kinavyotakiwa kuwa.

Anashindwa kwa namna tofauti kulingana na kizimba chenyewe, na inafaa kuzijua kwa sababu dalili zake hazifanani.

Ya kwanza haihitaji hata kizimba, ni ruhusa za kawaida. Wengi wanaamini ukiwa mmiliki wa faili unaweza kuifuta. Hapana. Kufuta ni kubadilisha folda, kwa hiyo unahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda. Seva inawaka kama root, inaandika /var/run/kitu.pid, inaigawa faili kwa mtumiaji wake mdogo, kisha inashusha mamlaka na kuwa huyo mtumiaji. Siku ya kuondoka inaita unlink, inapata EACCES (huna ruhusa), kwa sababu /var/run ni ya root. Faili ni yake na hawezi kuifuta. Watu wanatatua kwa kutengeneza folda ndogo inayomilikiwa na mtumiaji wa seva, sawa, ila hapo fungua macho: kama skripti ya root inasoma namba kutoka kwenye faili hiyo na kuiua prosesi ya namba hiyo, basi seva iliyotekwa inaweza kuandika namba ya prosesi yoyote na root ataiua kwa niaba yake. Systemd inalijua hili, faili ya PID ya mtumiaji mdogo ikitaja prosesi isiyo ya huduma hiyo inaikataa.

Ya pili ni chroot, na hii inashindwa kimyakimya. Ukishafungiwa ndani ya /var/empty, jina /var/run/kitu.sock linamaanisha /var/empty/var/run/kitu.sock, kitu ambacho hakipo, unlink inarudisha ENOENT, na kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuandika msimbo unaosema "kama faili haipo basi sawa tu", hitilafu inamezwa. Unaona msimbo wa usafi upo, umeandikwa vizuri, unaitwa kila mara, na haujawahi kufuta chochote tangu siku ulipoandikwa. Mtu akikuambia basi tushike folda wazi kabla ya chroot halafu tutumie unlinkat kupitia kishikio hicho (namba ambayo prosesi inashikia faili au folda iliyo wazi), mwambie asubiri kidogo: kishikio cha folda ya nje kilichobaki mkononi mwa mfungwa ni njia ya kutokea, kwa openat anaweza kutembea nje ya kizimba kadiri ruhusa zake za kawaida zinavyomruhusu. Umetoboa ukuta ili kutoa takataka.

Ya tatu ni hivi vizimba vya kisasa. OpenBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, walileta pledge kwenye toleo 5.9 mwaka 2016, prosesi inaahidi itafanya mambo ya aina gani tu na ikivunja ahadi kerneli inaiua papo hapo. Kuumba na kufuta majina ya mafaili kuna ahadi yake, inaitwa cpath. Mwaka 2018 kwenye 6.4 wakaongeza unveil, unataja njia zinazoonekana na ruhusa za kila moja, zingine zote zinatoweka. Linux ina seccomp ya kuchuja miito ya kerneli, na tangu 5.13 ya mwaka 2021 ina Landlock ya kuzuia mafaili. Kwa pledge dalili ni nyingine kabisa, seva yako inazima vizuri mpaka hatua ya mwisho, inaita unlink, na inauliwa kwa kuvunja ahadi. Yaani inakufa ikiwa njiani kufa, inaacha faili na juu yake inaweza kuacha faili la core, nakala ya kumbukumbu yake ilipokufa. Msimamizi anaona ripoti ya krashi kila akiizima seva na anaanza kutafuta bagi ya kumbukumbu ambayo haipo.

Hapo ndipo kishawishi kinapokuja, na ndipo nina msimamo mkali kidogo. Kishawishi ni kusema, basi tuipe cpath. Fikiria maana yake. Seva inakaa miezi mitatu ikisoma pakiti za watu usiowajua, na muda wote huo inatembea na ruhusa ya kufuta mafaili, kwa ajili ya tendo moja itakalofanya siku ya mwisho, sekunde ya mwisho, ambalo kama tulivyoona mara nyingi haitapata hata nafasi ya kulifanya. Ruhusa ya pledge inapungua tu, haiongezeki, huwezi kuirudisha ukiwa unaondoka. Kwa hiyo bei unailipa kila siku na bidhaa unaweza usiipate. Watu wa OpenBSD walipokuwa wanapitisha pledge kwenye daimoni zao (huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia) walikutana na hili hili, na kwenye daimoni kadhaa wakachagua kuondoa ule msimbo wa kufuta soketi wakati wa kuondoka, sio kuongeza ruhusa. Soketi inabaki pale, basi. Na faili za PID hawazitegemei, mfumo wao wa kuwasha huduma, rc.d, unatafuta prosesi kwa pgrep, kwenye orodha ya zilizo hai. Mimi nakubaliana nao kabisa.

Lakini sasa soketi imebaki, nani anaiondoa? Anayekuja. Seva mpya inapowaka, bado haijajifungia, bado ina mamlaka, inafuta jina la zamani kisha inafanya bind. Usafi unahama kutoka mlango wa kutokea kwenda mlango wa kuingilia. Na uzuri wake ni kwamba njia hii haijali mtangulizi alikufaje, iwe SIGTERM, iwe 9, iwe umeme.

Hapa kuna mitego miwili na ya kwanza ndiyo kila mtu anaiuliza: je kama mtangulizi hajafa? Ukifuta bila kuuliza, mtu akiwasha seva mara mbili kwa bahati mbaya, ya pili inamnyang'anya wa kwanza jina, wa kwanza anabaki hai anasikiliza kwenye soketi ambayo hakuna mtu anaweza kuifikia tena. Ndiyo maana unahitaji kufuli. Faili tofauti, unaifungua, unaomba flock bila kusubiri. Ukikosa, kuna mwenzako yuko hai, ondoka. Ukipata, una uhakika hakuna mwingine, maana kufuli linaachiwa na kerneli mshikaji akifa, halitegemei adabu ya mtu. Ukishalishika ndipo ufute soketi. Kufuli la namna hii linapiga faili ya PID mbali sana, namba inaweza kupewa prosesi nyingine kabisa baada ya muda, kufuli halidanganyi. Angalia tu watoto wako wa fork, wakirithi kishikio cha faili ya kufuli wanalishika na wao, mzazi akafa, mtoto mmoja aliyesahaulika akaendelea kulishika na seva mpya ikakataa kuwaka.

Na faili ya kufuli yenyewe usiifute kamwe. Najua inakera kuiona imekaa pale na baiti sifuri, iache. Ukiifuta hiki ndicho kinatokea: A ameshika kufuli, B amefungua faili ileile anasubiri, A anaifuta faili anaondoka, B anapata kufuli kwenye faili ambayo haina jina tena, C anakuja haoni faili, anaumba mpya, anaifunga. B na C wote wanaamini wako peke yao. Kufuta kulikokusudiwa kuwa usafi kumeua kazi nzima ya kufuli.

Mtego wa pili unawapata wale wanaofuta kotekote, kuingia na kutoka. Unarestati huduma, seva ya zamani bado inamalizia wateja wake polepole, ya mpya imeshawaka imefuta jina imeweka soketi yake. Dakika moja baadaye ya zamani inamaliza, inafanya usafi wake wa kuondoka, inafuta jina. Jina lipi? La seva mpya! Unlink inaangalia jina, haijui mwenye nalo ni nani. Seva mpya haina mlango na logi zake ni safi kabisa. FreeBSD tangu toleo 13 wana funlinkat, inafuta jina ikiwa tu linaelekea kwenye faili ileile unayoishika kwa kishikio, na hapo ndipo Capsicum yao, kizimba chao, iliyoingia na FreeBSD 9.0 mwaka 2012, inapata heshima yangu: kabla ya kuingia kizimbani unashika folda, unakipunguzia kishikio mamlaka mpaka kibaki na haki ya kufuta tu ndani ya folda hiyo, hakiwezi kusoma, hakiwezi kupanda juu kwa nukta mbili. Kama ni lazima mfungwa afute mwenyewe, ningependa afute hivyo.

Njia nyingine ni mzazi. Kwenye seva iliyogawanywa mzazi yuko nje ya kizimba, anasubiri mtoto kwa waitpid, mtoto akifa kwa vyovyote vile mzazi anajua na anafuta. Kwenye Linux nyingi mzazi mkubwa ni systemd na kusema kweli kazi hii imeshafanywa vizuri pale, ukiandika RuntimeDirectory= kwenye faili la huduma inaumba folda ndani ya /run, inaigawa kwa mtumiaji wa huduma, na huduma ikisimama inaondoa folda nzima na vilivyomo, hata kama huduma imeuliwa na 9. PrivateTmp= inafanya hivyo kwa /tmp. Ukihitaji kitu cha pekee kuna ExecStopPost=, inaitwa hata baada ya krashi, na ukitanguliza alama ya kujumlisha inaendeshwa kwa mamlaka kamili nje ya kizimba. Soketi yenyewe inaweza kufunguliwa na systemd na kukabidhiwa seva ikiwa wazi tayari, seva haigusi jina, haina cha kufuta. Na kwa kuwa /run iko kwenye RAM, umeme ukikatika inaanza upya tupu.

Mafaili ya muda ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo watu wanahangaika nayo bure. Fungua faili, ifute hapohapo, endelea kuitumia. Jina limekwenda, data ipo mpaka kishikio cha mwisho kifungwe, prosesi ikifa kerneli inarudisha nafasi. Mbinu ya zamani sana hii na bado haina mpinzani. Linux tangu 3.11 ina O_TMPFILE ambapo jina halizaliwi kabisa, na tangu 3.17 ina memfd_create kwa faili inayoishi kwenye kumbukumbu tu. Fungua kabla ya kujifungia, ingia na kishikio, huhitaji ruhusa yoyote ya folda baada ya hapo. Kwa soketi Linux ina zile zisizo na jina la faili, zinaanza na baiti ya sifuri, zinatoweka zenyewe, ila hazina ruhusa za faili, yeyote aliye kwenye namespace hiyo ya mtandao (eneo lake lililotengwa) anaweza kuunganisha, kwa hiyo usizikimbilie bila kupanga utamtambuaje mteja.

Ile kontena yetu ya Jumatatu tuliirekebisha kwa kuondoa. Docker yenyewe inajua prosesi yake ni ipi na iko hai au la, faili ya PID ndani haikuwa na msomaji yeyote zaidi ya seva inayojiogopa yenyewe, kwa hiyo tuliiambia seva isiandike faili hiyo kabisa. Soketi ikahamia kwenye folda iliyoko kwenye RAM. Na tangu siku hiyo kabla huduma mpya haijaenda kwa wateja naifanyia kitu kimoja: naiwasha, naipa kazi kidogo, naiua kwa kill -9 ikiwa katikati ya kazi, kisha naiwasha tena bila kugusa faili lolote. Ikikataa kuwaka, hairuhusiwi kuondoka mezani.